Wana wa Rodrigo: Safari ya Jina Moja Katika Lugha Nyingi

Mashariki ya Amman, katika jangwa la Yordani, kuna kasri dogo la mawe liitwalo Qusayr Amra. Lilijengwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 8 kwa ajili ya al-Walid ibn Yazid, mwanamfalme wa Banu Umayya, kabla hajawa khalifa. Kuta zake zimechorwa wawindaji, wanamuziki na wanyama, na kwenye kuba la hamamu zimechorwa nyota. Katika ukuta mmoja wamesimama wafalme sita wenye mavazi ya fahari, na majina yao yaliandikwa kwa Kigiriki na kwa Kiarabu. Manne bado yanatambulika: Kaisari wa Rumi ya Mashariki, Kisra wa Uajemi, Najashi wa Uhabeshi, na Rodrigo, mfalme wa Wavisigothi wa Hispania. Kwa Kiarabu ameandikwa Ludhriq.

Huyu Rodrigo hakutawala hata miaka miwili. Alitwaa kiti cha ufalme mwaka 710. Mwaka uliofuata Tariq ibn Ziyad alivuka mlango wa bahari kutoka Afrika Kaskazini, akatua kwenye mlima ambao hadi leo una jina lake, Jabal Tariq, ambao Wazungu huutamka Gibraltar. Mwezi Julai majeshi mawili yakakutana kusini mwa Hispania. Rodrigo akashindwa, na ufalme wa Wavisigothi ukaporomoka pamoja naye.

Leo mamilioni ya watu wanaitwa Rodríguez, maana yake mwana wa Rodrigo, na wengine wengi wanaitwa Rodrigues, ambalo ni jina lilelile kwa Kireno. Wako Madrid na Havana, Lisbon na Goa, Manila na New York, Maputo na Nairobi. Hawatokani na mfalme yule, wala hawatokani na Rodrigo mwingine yeyote mmoja. Historia yao inatufundisha jambo tunalolisahau kila tunapodhani kwamba jina la ukoo ni ushahidi wa damu: majina makubwa ya dunia yameenezwa zaidi na kalamu kuliko yalivyoenezwa na uzazi.

Lugha ilikufa, majina yakabaki

Wavisigothi walikuwa tawi la Wagothi, watu wa jamii ya Kijerumani waliovuka mto Danube mwaka 376 na kuingia katika himaya ya Rumi. Mwaka 410 waliuteka na kuupora mji wa Rumi wenyewe. Mwaka 418 wakapewa makazi kusini magharibi mwa Ufaransa ya leo, na baadaye wakahamia Hispania na kuufanya Toledo kuwa mji wao mkuu. Walitawala watu waliokuwa wengi kuliko wao na waliosema Kilatini, na pole pole wakaichukua lugha ya watawaliwa hadi Kigothi kikatoweka vinywani mwao.

Majina hayakutoweka. Alfonso, Fernando, Gonzalo, Álvaro, Ramiro: yote haya, ambayo leo yanasikika kuwa ya Kihispania kabisa, ni masalia ya Wagothi. Rodrigo ni mojawapo. Linatokana na maneno mawili ya Kijerumani cha kale, moja likiwa na maana ya sifa au umaarufu, na la pili likiwa na maana ya mtawala. Ndugu wa jina hili walikwenda njia nyingine. Wajerumani wana Roderich. Watu wa Skandinavia walikuwa na Hrœrekr, na kutokana na hilo likaja Rurik, jina la kiongozi ambaye masimulizi ya kale ya Warusi yanasema aliitwa kutawala Novgorod mwaka 862. Nasaba iliyojihesabu kutoka kwake ilitawala Urusi hadi 1598. Kwa hiyo watawala wa kale wa Moscow na wavuvi wa Visiwa vya Canary walichota majina yao katika kisima kimoja, ingawa hawakuwahi kujuana.

Baba akawa jina la mtoto

Kwa karne nyingi Hispania haikuwa na jina la ukoo. Mtu alitajwa kwa jina lake na la baba yake, kama watu wa pwani yetu wanavyosema Salim bin Juma, na mtoto wa Salim akawa Ali bin Salim. Makarani wa falme za kaskazini, walioandika kwa Kilatini, walimwita baba Rodericus na mtoto wakamwandika Roderici, yaani wa Rodrigo. Wanaisimu wengi wanaona kwamba umbo hilo ndilo lililozaa mwisho wa -ez katika Kihispania na -es katika Kireno. Kwa njia hiyo Fernando alizaa Fernández, Gonzalo akazaa González, Álvaro akazaa Álvarez. Rodrigo alizaa mara mbili: jina kamili likatoa Rodríguez, na ufupisho wake, Ruy, ukatoa Ruiz.

Mfano mzuri ni familia ya shujaa mkubwa wa Castilla, Rodrigo Díaz de Vivar, aliyefariki mwaka 1099. Babu yake aliitwa Laín. Baba yake akawa Diego Laínez, yaani Diego wa Laín. Yeye mwenyewe akawa Rodrigo Díaz, yaani Rodrigo wa Diego. Mwanawe wa kiume, aliyeuawa vitani Consuegra mwaka 1097, aliitwa Diego Rodríguez, na binti zake wawili waliitwa Cristina Rodríguez na María Rodríguez. Baba, mwana na wajukuu wa nyumba moja, kila kizazi na jina lake la mwisho.

Rodrigo huyu ndiye dunia inayemjua kwa jina la El Cid, linalotokana na neno la Kiarabu sayyid. Alipofukuzwa na mfalme wake wa Kikristo alimtumikia mtawala Mwislamu wa Zaragoza, na mwaka 1094 aliuteka mji wa Valencia kwa faida yake mwenyewe. Waandishi wa Kiarabu wa zama zake walimwita Ludhriq, kama walivyoitwa wenye jina hilo tangu siku za Tariq. Jina la Kigothi lilikuwa limeshazoeleka katika Kiarabu, na cheo cha Kiarabu kikawa kimeingia katika Kihispania.

Utaratibu huu wa kubadilika kila kizazi ulianza kukoma baina ya karne ya 13 na ya 16. Miji ilikua, hati za ardhi zikaongezeka, wakusanya kodi wakahitaji orodha. Mtu aliyerithi shamba lililoandikwa kwa jina la Rodríguez alikuwa na kila sababu ya kuendelea kuitwa hivyo, hata kama baba yake aliitwa Pedro. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliagiza kila paroko atunze kitabu cha ndoa na cha ubatizo, na jina likatulia kwenye karatasi. Maelfu ya akina Rodrigo wasio na uhusiano wowote, mmoja mkulima wa Galicia, mwingine mwashi wa Sevilla, wakajikuta waanzilishi wa koo zenye jina moja.

Hata hivyo watu waliendelea kuchagua kwa muda mrefu. Mchoraji mkubwa kuliko wote wa Hispania alizaliwa Sevilla mwaka 1599, baba yake akiwa Juan Rodríguez de Silva na mama yake Jerónima Velázquez. Jina lake kamili lilikuwa Diego Rodríguez de Silva y Velázquez, na ni jina la mama lililobaki kwenye kumbukumbu ya dunia. Sheria ya usajili wa raia ya mwaka 1870 ndiyo iliyotia muhuri desturi ya Wahispania ya kubeba majina mawili, la baba na la mama. Leo nchini Hispania watu zaidi ya 900,000 wana Rodríguez kama jina la kwanza kati ya hayo mawili, na Galicia na Visiwa vya Canary ni kati ya maskani yake makuu.

Papa Rodrigo na mstari wa baharini

Mwaka 1431, katika mji wa Xàtiva karibu na Valencia, alizaliwa mtoto aliyepewa jina la Rodrigo de Borja. Mwaka 1492, mwaka uleule Columbus alipovuka Atlantiki, mtu huyo alichaguliwa kuwa Papa Alexander VI. Mwaka uliofuata akatoa hati iliyowapa wafalme wa Hispania haki juu ya nchi za magharibi. Ureno ikalalamika, na mwaka 1494 falme mbili zikakubaliana mjini Tordesillas kuchora mstari kutoka kaskazini hadi kusini, ligi 370 magharibi ya visiwa vya Cabo Verde. Upande mmoja ukawa wa Hispania na upande mwingine ukawa wa Ureno. Wenye nchi hawakuulizwa. Mombasa, Kilwa na Malindi zilikuwa upande wa Wareno, na miaka minne baadaye, Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilionekana pwani yetu.

Tangu hapo jina likapanda vyombo viwili. Kuelekea magharibi likaenda Rodríguez, kuelekea mashariki likaenda Rodrigues.

Magharibi lilikuwapo tangu siku ya kwanza. Baharia aliyepiga ukelele wa kuona nchi kavu alfajiri ya tarehe 12 Oktoba 1492 anajulikana kwa jina la Rodrigo de Triana, na pia Juan Rodríguez Bermejo. Miaka 50 baadaye, mwaka 1542, Juan Rodríguez Cabrillo aliingia katika ghuba ambayo leo ina mji wa San Diego, California. Lakini mabaharia walikuwa wachache. Waliolieneza jina ni mapadri na makarani waliowafuata. Wenyeji wa Amerika walipobatizwa walipewa jina la mtakatifu, na mara nyingi la pili la msimamizi wao wa ubatizo au la bwana aliyepewa ardhi yao. Waafrika waliosafirishwa kama watumwa waliandikwa jina la Kikristo na mahali walikotokea, kama Angola au Kongo, na baadaye wengi wao wakabandikwa jina la aliyewamiliki. Mtu aliyekuja na jina lililobeba kumbukumbu ya babu yake au siku aliyozaliwa aliandikwa upya kwa mistari michache ya wino. Huu ni wizi ambao haukuhukumiwa mahakamani popote, na wajukuu wa walioibiwa wanauishi kila wanapotia saini.

Na bado jina lililobandikwa liliweza kubebwa na mtu huru. Mwaka 1613 meli ya Kiholanzi ilimwacha kwenye kisiwa cha Manhattan mwanamume mmoja mweusi aliyezaliwa Santo Domingo, mama yake Mwafrika na baba yake Mreno. Alikataa kuendelea na safari, akabaki na shoka, visu, bunduki na upanga, akafanya biashara na wenyeji. Makarani wa Amsterdam walimwandika Jan Rodrigues. Wadominika wa leo wanamwita Juan Rodríguez. Anatambuliwa kuwa mtu wa kwanza kutoka ng'ambo kuishi katika mahali palipokuja kuwa New York, na mwaka 2012 sehemu ya barabara ya Broadway, katika mitaa yenye Wadominika wengi, ilipewa jina lake.

Huko Caracas, mwalimu wa mpigania uhuru Simón Bolívar naye aliitwa Simón Rodríguez. Alibatizwa kama mtoto aliyeokotwa, asiye na wazazi wanaojulikana. Alipokimbilia uhamishoni mwaka 1797 kwa sababu za kisiasa alijiita Samuel Robinson, akaishi Ulaya kwa jina hilo, kisha aliporudi Amerika ya Kusini mwaka 1823 akalirejea lile la zamani. 

Leo Rodríguez ni kati ya majina yanayoongoza kwa wingi katika Kuba, Uruguay na nchi nyingi jirani. Nchini Marekani, ambako alama juu ya herufi i imeachwa, sensa ya mwaka 2000 ililiweka jina Rodriguez nafasi ya 9 kati ya majina yote ya ukoo nchini. Hilo na Garcia ndiyo yalikuwa majina ya kwanza ya Kihispania kuingia katika kumi bora ya nchi iliyozoea Smith na Johnson.

Jina la kujisitiri

Kuna watu waliolichukua jina hili kwa hofu. Machi 1492 wafalme wa Hispania waliwaamuru Wayahudi wote wabatizwe au waondoke. Wengi walivuka mpaka kuingia Ureno, na huko mwaka 1497 wakalazimishwa kubatizwa. Aliyetaka kuishi kwa usalama alihitaji jina lisilomvutia mtu yeyote, na Rodrigues lilikuwa la kawaida kiasi hicho. Hata hivyo wapelelezi wa mahakama za dini waliendelea kuwasaka, nao wakakimbia tena na jina hilo: Amsterdam, Bordeaux, London, Curaçao, Salonika.

João Rodrigues de Castelo Branco, aliyezaliwa mwaka 1511, alikuwa daktari aliyetoka katika familia kama hizo. Alifundisha na kutibu Antwerp, Ferrara na Ancona, akachapisha maelezo ya mamia ya wagonjwa kwa jina la Kilatini, Amatus Lusitanus. Mwishoni alifika Salonika, katika dola ya Waturuki, akarudi wazi kwenye dini ya wazee wake, na akafa kwa tauni mwaka 1568 akiwatibu wagonjwa. Huko Bordeaux, katika jamii iliyotokana na wakimbizi hao, alizaliwa mwaka 1795 Olinde Rodrigues, mwanahisabati ambaye kanuni yake ya mizunguko, aliyoitoa mwaka 1840, inatumika leo katika programu za kompyuta zinazochora vitu vinavyozunguka. Jina la kujisitiri limekuwa jina la kanuni ya sayansi.

Upande wa mashariki

Wareno waliiteka Goa mwaka 1510 na wakakaa huko hadi 1961. Wajesuiti na Wafransisko waligawana wilaya za kubatiza, na familia zilizokuwa na majina ya Kikonkani kama Kamat, Naik au Prabhu zikatoka kwenye kisima cha ubatizo zikiwa na jina la padri au la Mreno aliyezisimamia. Ndiyo maana vijiji vya Goa vimejaa Fernandes, D'Souza, Pereira na Rodrigues, ingawa damu ya Kireno ndani yake ni ndogo mno. Wapo waliolitamka kwa namna yao wenyewe: mbunifu mashuhuri wa mavazi wa Goa, Wendell Rodricks, aliyefariki mwaka 2020, aliandika jina lake hivyo.

Kutoka Goa na Macau jina lilifika mbali zaidi. João Rodrigues mwingine, Mjesuiti Mreno, alikwenda Japani akiwa kijana, akajifunza Kijapani kiasi cha kuwa mkalimani mbele ya watawala Hideyoshi na Ieyasu, na kati ya 1604 na 1608 akachapisha mjini Nagasaki kitabu kikubwa cha sarufi ya lugha hiyo. Alipofukuzwa alihamia Macau, na Wachina wakamwita Lu Ruohan: Lu ikisimama mahali pa Rodrigues, Ruohan mahali pa João. Alifia Macau mwaka 1633.

Katika bahari yetu ya Hindi jina likawa kisiwa. Nahodha Mreno Diogo Rodrigues alipita mwaka 1528, na kisiwa kidogo cha mashariki ya Morisi kikabaki na jina lake, ingawa Wareno hawakukaa. Waliokaa hatimaye wengi wao ni wazao wa Waafrika na Wamalagasi walioletwa utumwani na Wafaransa. Wanazungumza Krioli, na tangu mwaka 2002 wana baraza lao la kujitawala ndani ya Morisi.

Kwenye pwani ya Kenya na Tanzania, karne mbili za Wareno ziliacha Ngome ya Yesu na maneno kadhaa katika Kiswahili, lakini hazikuacha koo kubwa zenye majina yao. Jina la Rodrigues lilikuja baadaye, pamoja na Wagoa. Walifika Zanzibar katika karne ya 19, na reli ya Uganda ilipojengwa kati ya 1896 na 1901 wakaongezeka Mombasa, Nairobi na Kampala wakiwa makarani, mafundi cherehani, wapishi, walimu na wanamuziki. Waingereza waliotawala walisikia majina hayo na wakashindwa kujua wawaweke kundi gani: si Wazungu, na hawakufanana na Wahindi wengine. Wagoa wengi waliiita Afrika Mashariki nyumbani. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia kutoka Uganda, Rodrigues wa Kampala akalazimika kupanda ndege kwenda London au Toronto, na jina likaongeza tawi jingine.

Daftari la gavana

Mahali ambapo kalamu ilifanya kazi yake bila kujificha ni Ufilipino. Watu wa visiwa hivyo walikuwa wakichagua majina wapendavyo, na wasajili walichanganyikiwa nani ni ndugu wa nani na nani amelipa kodi. Tarehe 21 Novemba 1849 Gavana Narciso Clavería alitoa amri kwamba kila familia ichukue jina la ukoo kutoka katika katalogi iliyopangwa kwa alfabeti, yenye makumi ya maelfu ya majina, mengi ya Kihispania na mengine ya lugha za visiwani. Kurasa ziligawiwa kwa miji, na katika sehemu nyingine karibu kijiji kizima kilipata majina yanayoanza kwa herufi moja. Watu waliokuwa hawana hata tone la damu ya Hispania wakaitwa kwa Kihispania, na wajukuu zao hadi sasa huulizwa ugenini wametoka sehemu gani ya Hispania.

Jina ni la nani?

Ukikutana leo na mtu aitwaye Rodríguez, anaweza kuwa amelirithi kutoka kwa mkulima wa Galicia, kutoka kwa mtumwa wa Kiangola aliyeandikwa Cartagena, kutoka kwa Myahudi aliyejisitiri Lisbon, au kutoka kwa mjane wa Luzon aliyepangiwa ukurasa wa herufi R. Jina halitakuambia ni kutoka kwa nani. Kitakachokuambia ni kitabu cha ubatizo, hati ya ardhi, orodha ya meli, na simulizi ambazo bibi hajamaliza kuzisimulia. Kwa hiyo nyaraka hizo, ambazo katika parokia na ofisi nyingi zinaliwa na mchwa, zinastahili kutunzwa kwa bidii ileile tunayotunza makaburi ya wazee.

Lakini mwenye jina hana deni kwa aliyemwandika. Mwaka 1998 mwimbaji wa Detroit, mtoto wa mhamiaji kutoka Meksiko, alipanda jukwaani Cape Town na kukuta maelfu waliojua nyimbo zake kwa moyo. Walimjua kwa jina moja tu, Rodriguez. Mwaka 2014 huko Brazili, Mkolombia James Rodríguez alifunga mabao sita na kuondoka na kiatu cha dhahabu cha Kombe la Dunia, na watangazaji wa Kiswahili walijifunza kumwita Hames Rodriges. Hakuna kati yao aliyelipata jina hilo kwa mfalme aliyeshindwa na Tariq. Wamelipata kwa mlolongo wa watu walioishi, waliolazimishwa, waliokimbia na waliofanya kazi, na ni watu hao walioligeuza kutoka sifa ya mtawala mmoja kuwa mali ya wote waliolibeba.